Mbuzi wa Kombe la Marcellin

Dady alizima pikipiki chini ya mteremko akaisukuma kwa mikono mpaka juu, kwa sababu hata yeye alijua kwamba habari aliyobeba si ya kuletwa na kelele. Mama Emilienne alikuwa uani, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, anamenya mihogo. Alimwona tangu mbali. Aliona kikwembe kipya, kitenge kilichokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, akajua ni kikwembe cha Kombe, yale mashindano ya golfu ya kila mwaka. Lakini aliona pia namna kijana anavyokanyaga, polepole, kama mtu anayekwenda kuomba mke mara ya pili kwa watu waliomkataa, akasema moyoni: leo kikwembe si cha bure.

"Jambo, Mama."

"Jambo, mwanangu. Vuta kiti."

Kiti kilikuwa kimoja tu, na mguu wake mmoja umefungwa kwa kamba ya mpira. Dady akakaa kwa nusu tako.

"Patron Hervé anakusalimia sana."

"Salamu imefika. Iko na afya?"

"Iko na afya."

"Mungu asifiwe," akasema Emilienne, na kisu hakikusimama.

Dady alikuwa sekretari wa klabu ya golfu ya patron Hervé. Zamani alikuwa mwimbaji katika kwaya ya Marcellin, mume wa Emilienne, na ni Marcellin aliyemfundisha kusimama wima akiimba. Sasa alivaa kofia nyeupe yenye jina la klabu na kazi yake kubwa ilikuwa kubeba maneno ya mtu mwingine.

"Mama, Kombe ni Jumapili, siku ya mungu inayokuja. Mwaka huu wageni watakuwa wengi. Wanunuzi wa dhahabu wa Salamabila, wakubwa wa Kindu, hata chefu Moustapha amekubali. Kiti chako iko tayari."

"Kile cha nyuma."

"Kiti ni kiti, Mama."

"Ndiyo. Kiti ni kiti."

Dady akaweka kikwembe kwenye mkeka. Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba maneno yalikuwa yameandikwa mle, akaivaa tena. "Iko neno ingine. Patron anasema kisha Kombe, Papa Marcellin atahama."

Kisu kikasimama.

"Papa Marcellin amekufa, mwanangu. Maiti anahamia wapi?"

"Ku makaburi ya mjini. Patron atamjengea na simenti, ataweka karo nyeupe, vigae vya kung'aa, msalaba ya chuma. Itakuwa muzuri kuliko hapa. Unaona, Mama, pale alipo ndiyo fasi, pahali tundu ya mwisho ya golfu inafaa kuwa. Vipira vinagonga msalaba. Wageni wanacheka."

"Wageni wanacheka!" Sauti ilitoka jikoni, na nyuma ya sauti akatoka Naomie, binti wa Emilienne, mwiko mkononi, moshi bado unamfuata. "Dady, baba yangu alikutoa kamasi ya pua ili uweze kuimba mbele ya watu. Leo unakuja kuniambia wageni wanacheka?"

"Naomie, dada, miye natumwa tu."

"Mbwa pia anatumwa. Lakini mbwa akifika kwa mutu aliyemulisha anatikisa mukia, haumi."

"Naomie," akasema mama yake, "sombe inaungua."

"Acha iungue!"

"Rudi jikoni." Halafu akamgeukia kijana, na sauti yake ilikuwa laini kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeanguka. "Mwambie patron nimesikia. Simkatalii neno. Ninaomba kitu kimoja tu: mbuzi isikose. Aivute yeye mwenyewe, na mukono yake, mpaka ku kaburi, kama miaka yote. Na chefu akiwa pale."

Uso wa Dady ukafunguka. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa laana, labda kwa maji machafu. "Mbuzi tu, Mama? Itakuwa kubwa kupita ya mwaka uliopita!"

"Ukubwa si neno. Mukono yake."

Kijana alishuka mteremko akiimba.

*

Naomie hakula siku ile. Alipakua ugali, akaweka katikati sombe iliyoungua, majani ya muhogo yamekuwa meusi, akakaa akimgeuzia mama yake mgongo.

"Mama, miye nakuuliza, na Mungu anisamehe. Hiyo mbuzi iko na utamu gani? Mutu alimuua baba yangu, na kila mwaka anakutupia mbuzi, na unapokea na mikono miwili, unasema aksanti patron. Watu ku soko wananiita mutoto wa mbuzi. Unajua hiyo?"

"Ninajua."

"Na sasa anataka kumufukua."

"Nimesikia. Kula."

Emilienne alikuwa mwanamke wa maneno machache, na watu walikuwa wamezoea kudhani kwamba mwenye maneno machache ana mawazo machache. Alisoma shule miaka michache ya mwanzo, kisha ndugu zake wakasoma kwa niaba yake. Lakini alijua kupalilia, na mtu anayejua kupalilia anajua kwamba kuna majani usiyoyang'oa siku ya kwanza. Unaacha yaote, yajionyeshe, ndipo uyashike shina.

Ile nchi ya mteremko, pembeni ya njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, ilifyekwa na mababu wa Marcellin. Karanga zake zilikuwa nzito mpaka wanawake wa mjini walizinunua zikiwa bado na udongo. Hervé alikuwa mtoto wa Lusangi aliyetajirika kwa visima vya dhahabu vya Salamabila, na katika safari zake aliona kwamba wakubwa wanapatana mambo yao wakiwa wanatembea nyuma ya kipira kidogo kama yai la kwale. Akataka uwanja wake. Akataka mteremko ule. Marcellin akamjibu kwa heshima: udongo huu si wangu wa kuuza, mimi ninaulinda tu. Akamjibu hivyo mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu hakuja Hervé, walikuja watu wenye bunduki, wakasema Marcellin ametukana serikali. Wakamlaza katika cachot, selo ambayo maji ya mvua yaliingia kwa chini. Alipotoka alikuwa anakohoa, na kikohozi kile hakikumwacha mpaka kilipomchukua.

Hervé alinunua sanduku la kuzikia. Alilia kuliko wafiwa. Alilia sana hata mjane aliposema mume wangu atalala katika shamba lake, hakupata nafasi ya kukataa, maana machozi yalikuwa bado yanashuka na watu wanamwangalia. Kilio hakijaisha, trakta ikaja.

Kisha akaleta Kombe. Chuma kinachong'aa, kina masikio mawili kama chungu cha nyama, na ubavuni jina: Ukumbusho wa Marcellin. Kila mwaka, siku ya kushindania kombe hilo, Hervé alishika mikro, kipaza sauti chake, akasema kwamba rafiki yake Marcellin, kabla ya kufa, alimpa ardhi hii kwa moyo wake wote ili vijana wapate maendeleo. Na neno likisemwa ndani ya mikro, kwa watu waliokuja kunywa bia, hugeuka kuwa kweli kabla bia haijaisha.

Mwaka ule wa kwanza Emilienne hakupiga kelele. Alikwenda kwa Hervé, akapiga magoti, akasema: "Patron, hiyo ya kucheza, mucheze. Lakini kwetu mutu hawezi kukanyaga udongo ya watu na mikono mitupu. Uniletee mbuzi, kila mwaka, pale ku kaburi, wewe mwenyewe ukivuta kamba." Hervé alicheka mpaka akashika tumbo. Mbuzi! Alikuwa amejiandaa kutoa nyumba. Hata tajiri aliyezaliwa Lusangi, aliyekula ugali wa mihogo kama wengine, dhahabu ilikuwa imemwosha akasahau. Alileta mbuzi, mpiga picha akapiga picha, na wakubwa wa Kindu wakasema patron huyu anaheshimu desturi.

Emilienne hakumwambia mtu alichokitaka, hata Naomie. Siri uliyompa mwanao umewapa na marafiki zake. Alipokea mbuzi, akasema aksanti, akala fedheha yake pamoja na nyama, na alipokula alitafuna polepole ili meno yake yasahau kitu kingine yalichotaka kutafuna.

*

Siku ya Kombe jua lilitoka mapema na kelele ya jenereta ikatoka pamoja nalo. Magari yalijaa mpaka barabarani. Wanaume wazima wenye suruali nyeupe walipiga vipira, wakavifuata, wakavitafuta majanini wakiwa wameinama kama wanawake wanaookota uyoga. Pale penye kila tundu, chini ya kijiti cha bendera, hapakuwa na majani, palikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya gari ili kipira kikimbie vizuri. Emilienne alipita kando ya mchanga ule mweusi akiwa amevaa kikwembe kipya chenye picha ya kombe kifuani na nyingine matakoni, akakumbuka kwamba hapo, hasa hapo, Marcellin alikuwa akianika mbegu.

Kijana wa kugawa vinywaji akampita mara mbili. Mara ya tatu akampa sukari, ndiyo soda, nayo ya moto.

"Mama, usiwe unasimama-simama," Dady akamnong'oneza. "Utaitwa. Ukiitwa unakuja, unashika kombe na mikono miwili, unampa mushindi, unacheka kidogo. Mwaka jana haukucheka, picha zilikuwa mbaya."

"Nitacheka."

"Na hotuba hakuna, Mama. Unajua."

"Ninajua, mwanangu."

Mbele, kwenye viti vyenye vitambaa, alikaa chefu Moustapha, mtawala wa kimila wa nchi ile, na kofia yake ya kufuma, na kando yake mzee Moussa, mnotabli wake, yaani mshauri wa mila, mtu mwembamba mwenye tumbaku ya kunusa na ulimi wa wembe. Chefu huyu hakuwa malaika. Bati la nyumba yake lilitoka kwa Hervé, na wote walijua. Kwa hiyo hakuna aliyemtazama Emilienne kama mtu mwenye msaidizi mahali pale.

Hervé alishika mikro. Alikuwa mtu mnene, mzuri wa uso, mwenye sauti ya kuimba. Alisema yale ya kila mwaka, rafiki yangu Marcellin, moyo wake wote, vijana, maendeleo. Akaongeza la mwaka huu: kwamba rafiki huyu sasa atapata makao yanayomstahili, mjini, kwa karo nyeupe. Watu wakapiga makofi. Naomie, aliyekuwa amesimama kando, pamoja na wanawake wauza maandazi, akatema mate chini.

Halafu patron akapewa kamba. Beberu mkubwa mweupe, shingoni utepe mwekundu. Akamvuta mwenyewe mpaka kaburini, wageni wakafuata wakicheka, mpiga picha akitembea kinyumenyume mbele yao. Emilienne alikuwa ameshasimama pale, kando ya msalaba wa mti uliokuwa na alama za vipira.

"Mama Emilienne," akasema Hervé kwa mikro, "pokea mbuzi yako."

Kila mwaka alikuwa akinyoosha mikono hapo hapo. Safari hii mikono ilibaki chini ya kikwembe.

"Patron, ninakuuliza mbele ya wageni wako, ili nao wajifunze desturi yetu. Hiyo mbuzi unaniletea kila mwaka?"

Hervé akatabasamu kwa mpiga picha. "Kila mwaka, Mama. Sijawahi kukosa."

"Wewe mwenyewe, na mukono yako?"

"Na mukono yangu. Miye ni mutoto ya hapa, ninaheshimu wazee, ninaheshimu udongo."

"Chefu amesikia?" akauliza Emilienne.

Mzee Moussa, aliyekuwa akipanga tumbaku juu ya kucha ya kidole gumba, akaacha. Chefu akasema, bila kufikiri, kwa sababu alikuwa ameshiba: "Tumesikia, Mama. Mambo muzuri."

Ndipo Emilienne akapokea kamba. Akaifunga kwenye msalaba wa mumewe, mafundo mawili.

"Basi chefu, ninafungua kinywa yangu kwako. Kesho ninakuja ku baraza. Mugeni wangu anataka kufukua mwenye nyumba."

Ilichukua muda kidogo kwa watu kuelewa. Wauza maandazi walielewa kwanza. Mmoja akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Wageni wa Kindu wakaulizana mama amesema nini. Hervé alibaki na mikro mkononi, na mikro ilipeleka pumzi zake mpaka barabarani.

*

Baraza la chefu lilikuwa nyumba ndefu isiyo na kuta, bati lake jipya likiwaka kwa jua. Watu walijaa mpaka wakakaa juu ya pikipiki zao. Hervé alikuja na bahasha ya ngozi na mtu wa sheria kutoka mjini. Alimsalimia chefu kwa mikono miwili, akaweka karatasi yenye mihuri mbele yake.

"Chefu, miye sina maneno mingi. Shamba ni yangu. Karatasi ndiyo hii."

Chefu Moustapha aliitazama karatasi ile bila kuigusa. Alikuwa hakulala. Usiku kucha alikuwa amefikiria bati lake, na asubuhi alikuwa amefikiria kitu kikubwa kuliko bati. Katika nchi yake watu wa kuja walikuwa wengi: waliokimbia vita, waliofuata dhahabu wakachoka, waliooa hapa. Wote walilima udongo wa wenyeji, na kila mavuno walileta mbuzi, kwa mkono, mbele ya watu, kusema: bado tunajua udongo ni wa nani. Mbuzi hao walikuwa ndio uchefu wake. Kama leo angesema mbuzi wa Hervé si neno, kesho hakuna ambaye angeona sababu ya kufungua zizi.

"Karatasi itasomwa Kindu," akasema mwishoni. "Hapa tunasoma mbuzi."

Watu wakaguna. Mtu wa sheria akasimama, akavutwa suruali na aliyekuwa nyuma yake, akakaa.

"Chefu!" Hervé akacheka, lakini jasho lilikuwa limeanza kwenye shingo. "Mbuzi ni huruma. Nilimuonea mama huruma, mujane."

Mzee Moussa akapiga chafya ya tumbaku, akajifuta. "Mwanangu Hervé, ya Lusangi. Babako nilimufahamu. Alikuwa analima kwa watu wa Kibangubangu kule, siyo? Kila mavuno alikuwa anapeleka nini?"

Hervé akapanga upya karatasi yake.

"Ninakuuliza: alipeleka nini?"

"Mbuzi."

"Alikuwa anawaonea huruma?"

Kicheko kilipanda mpaka kwenye bati. Hervé akanyanyua mkono. "Ile ni ingine! Yangu ilikuwa ya kilio. Ya kumulilia rafiki."

"Mbuzi ya kilio inakuja kilio kikiwa bado kwenye mikeka," akasema Moussa, "na inachinjwa, na wanaolia wanakula, inaisha. Hata mama aliyezaa hamulilii mutoto na mbuzi kila mwaka. Sikiliza, mwanangu. Mbuzi inayovutwa na mukono ya mwenyewe mpaka ku kaburi ya mwenye shamba, kwetu ziko mbili tu. Ya kwanza ni mbuzi ya udongo. Mugeni anaileta, anasema, niko juu ya udongo yako. Ya pili..."

Akatazama tumbaku yake.

"Ya pili ni mbuzi ya damu. Aliyeua anaileta, anasema, damu iko juu yangu. Ya tatu miye siijui, na miye ni muzee. Chefu, wewe unaijua?"

"Siijui," akasema chefu.

"Basi mwambie achague. Yake ilikuwa gani?"

Hapo ndipo hata watoto waliposogea mbele. Emilienne alikaa chini upande wa wanawake, kikwembe chake cha zamani kichwani, macho yakiwa kwenye mdomo wa Hervé. Naomie alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake azikwe alielewa kwamba haukuwa mkono wa mtu anayeomba. Ulikuwa mkono wa mtu aliyetega, aliyekaa kimya majanini miaka mingi, na sasa anaona kamba inakaza.

Hervé aliangalia huku na huku. Aliona wachimbaji wake wawili waliokuja kwa pikipiki kutoka Salamabila, wamesimama nyuma, hawamtazami. Aliona mtu wake wa sheria anafunga bahasha. Uwanja ni uwanja, mtu anaweza kujenga mwingine. Lakini damu, ikisemwa na mwenyewe mbele ya chefu, haina mlango wa kutokea.

"Ya udongo," akasema.

"Sema na sauti, patron," akapaza mmoja wa wauza maandazi. "Leo hakuna mikro!"

"Ilikuwa mbuzi ya udongo!"

Chefu akapiga fimbo yake chini. "Basi umesema mwenyewe. Wewe ni mugeni, wenyewe ni watoto wa Marcellin. Mugeni hafukui kaburi. Mugeni anakaa kama wenye udongo wanataka, na wasipotaka, anatoa vitu vyake. Mama Emilienne, unataka nini?"

Wanawake walikuwa wameshaanza kuinuka kwa vigelegele. Emilienne akasimama polepole, akanyoosha kiuno.

"Chefu, aksanti. Udongo nimeupokea. Akatoe bendera zake, yeye mwenyewe, na mukono yake, moja moja. Nitamungojea pale." Akamgeukia Hervé. "Lakini nina swali moja kwa patron, halafu ninaenda nyumbani. Patron, mbuzi zote ulizoleta zilikuwa za udongo. Zote. Umesema, na watu wamesikia. Sasa ya damu iko wapi?"

Hervé akamtazama chefu.

"Sijaiona," akasema Emilienne. "Watu wote wanajua mume wangu alilala wapi, ndani ya maji, na kwa neno ya nani. Nilidhani labda moja kati ya zile ilikuwa ya kwake. Kumbe hapana. Basi haijalipwa hata ukwato. Ninaingojea."

Akatoka. Watu wakampisha njia, na waliompisha hawakusimama karibu na Hervé tena. Walitawanyika pande zote kama wanaokimbia moshi, mpaka yeye akabaki katikati ya baraza na mtu wake wa sheria, na mtu wa sheria naye akakumbuka kwamba ana safari.

*

Hervé alikuja kutoa bendera. Ilibidi. Aling'oa vijiti vyake kwa mkono, kimoja kimoja, wanawake wakimhesabia kwa wimbo, na kila alipoinama suruali nyeupe ilizidi kuwa ya rangi ya mteremko. Emilienne hakuimba. Alitazama mpaka cha mwisho.

Baada ya hapo habari zilianza kushuka kutoka Salamabila na waendesha pikipiki. Wachimbaji wa visima vya Hervé walikuwa wamepanda juu asubuhi moja na kukataa kushuka. Walisema hawawezi kuingia chini ya ardhi kwa mtu ambaye damu inamdai, ardhi inaweza kukosea ikawachukua wao badala yake. Patron akaita mganga, akaita pasta, akachinja ng'ombe; wachimbaji wakala nyama, wakashukuru, hawakushuka. Wanunuzi waliokuwa wakicheza naye golfu wakaanza kupita kwa mtu mwingine. Mtu akianza kumnyooshea mkono kumsalimia, aliurudisha katikati ya njia kana kwamba amekumbuka jambo.

Patron akamtuma Dady na mfuko wa pesa. Emilienne akamkaribisha, akampa chakula, akamrudisha na mfuko bila kuufungua. Akatumwa tena na hati ya nyumba mjini kwa ajili ya Naomie. Ikarudi. Mara ya tatu Dady hakukubali kutumwa. Alikuja mwenyewe, bila kofia, akaomba jembe.

Mvua za kwanza zilipofika, wanawake wa ujirani walikuja kusaidia kulima. Mchanga ule mweusi wa mafuta waliutoa kwa makarai, wakaumwaga barabarani. Walikuwa wamefika katikati ya mteremko gari liliposimama chini, na Hervé akatoka peke yake. Alikuwa amepungua. Alipanda mpaka ukingo wa shamba akasimama pale, maana hakukaribishwa kuingia.

"Mama," akasema. "Mama Emilienne. Niambie unataka nini. Ninatoa. Kitu yoyote."

Emilienne alikuwa ameinama, anadondosha karanga mbili mbili katika mashimo. Hakuinuka. "Unajua."

"Nitaleta mbuzi! Kumi! Zizi nzima!"

"Moja inatosha. Ulete, uvute mwenyewe mpaka hapa, na useme ni ya nini. Watu wakisikia, nitaipokea na mikono miwili, kama miaka yote."

Majembe yalisimama. Naomie alisimama, Dady alisimama na jembe begani, wanawake wote wakamgeukia mtu yule aliyekuwa ukingoni na tope la mteremko kwenye viatu vyake. Midomo ya Hervé ilisogea. Neno lilikuwa pale, walikaribia kuliona limekaa nyuma ya meno. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akahesabu masikio. Halafu akafunga mdomo wake, akageuka, akashuka kwenye gari.

"Mama," akasema Naomie kwa sauti ya chini, "huyu hatasema. Atakufa na hiyo damu."

"Basi afe nayo," akasema Emilienne. "Na watakaomuzika waulizane nani atailipa."

Akasogea hatua moja, akachimba shimo jingine kwa kisigino cha jembe. Mawingu yalikuwa yameshafunika upande wa Kabambare, na bado nusu nzima ya mteremko ilikuwa inangoja mbegu.